Mashine Yenu ya Sukari Imemsingizia Mume Wangu

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Sukari,
Jengo la nyuma, mlango wa kijani.

Mwanangu Daktari,

Nakuita mwanangu kwa sababu kitinda mimba wangu anakuzidi miaka. Nilikuangalia vizuri siku ile uliponivua soksi ukaniuliza kama nyayo zinasikia. Nakuita Daktari kwa sababu umesoma na mimi sikusoma. Zote mbili ni heshima, chukua ile itakayokukaa. Natumaini u mzima na mama aliyekuzaa ni mzima, na kama wiki hii hujampigia simu, iweke barua hii chini umpigie kwanza. Nitakungoja.

Mimi sikukaa darasani hata siku moja. Herufi nilijifunza kwenye magunia ya mchele na madebe ya mafuta, pale kantini ya kiwanda cha sare ninakopika mwaka wa thelathini na moja sasa, na kila asubuhi ni mimi ninayeandika ubaoni chakula cha siku hiyo. Kwa hiyo usishangae barua hii ikienda kama ubao wa kantini. Ndiyo njia ninayoijua: unaandika kilichopo, kwa namba, na mwenye njaa anaelewa.

Naomba mambo mawili. Mtume mtu aje aichukue mashine yenu ya kupimia sukari, ile mliyonikabidhi miezi miwili iliyopita katika kijifuko cheusi chenye zipu. Halafu mniandikie cheti chenye muhuri kisemacho kwamba mashine hiyo ni mbovu, na kwamba mimi niachwe na sufuria zangu. Cheti ni cha binti yangu wa kwanza. Huyo amekula kiapo kwamba namba za baada ya kula zisiposhuka chini ya kumi kufikia mwisho wa mwezi huu, nakabidhi upawa na kukaa nyumbani. Nimemzaa mwenyewe, namjua. Akisema jambo halirudishi mdomoni. Kichwa kile alikitoa kwangu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mashine haina adabu. Kwangu mimi mtu akibisha hodi hukaribishwa, akala, akashiba, ndipo akaulizwa kilichomleta. Mashine yenu inaniacha nile, nishibe, ninyooshe miguu, halafu ndiyo inataka damu. Na ikishapewa damu haisemi asante. Inapiga mlio mmoja kama mtu aliyeguna, kisha inatoa namba. Nimelea watoto sita na hakuna hata mmoja aliyewahi kunigunia baada ya mimi kumlisha.

2. Huu ni mtihani, na hamkuniambia. Nesi wa dirisha la pili, yule mrefu mwenye sauti ya chini, sina ugomvi naye. Alinieleza kwa upole. "Bibi, hesabu masaa mawili tangu tonge la kwanza, ndipo ujitoboe. Ikisoma chini ya kumi, hongera. Ikizidi, andika namba, na uandike ulikula nini." Nikamuuliza, na ikizidi sana? "Andika tu, Bibi. Hii si polisi." Sawa, si polisi. Lakini mimi niliyeishi miaka sabini na moja bila kuulizwa swali na mwalimu yeyote, leo napewa mtihani kila nikimaliza kula, tena mtihani wa kinyumenyume. Mjukuu wangu akipata kumi na saba kwenye hesabu tunamchinjia kuku. Mimi nikipata kumi na saba, mama yake anaondoa kopo la sukari mezani na kwenda kulificha kwenye ndoo ya nguo chafu. Nimeliona. Sikuligusa. Nililitazama tu.

3. Hapa nataka unisikilize kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake. Mpishi hana tonge la kwanza. Asubuhi naonja chai ya watu mia mbili na arobaini: kijiko kimoja kuona kama sukari imeenea, kijiko cha pili kuona kama kile cha kwanza kilisema kweli. Naonja uji. Naonja mchuzi ukiwa mwepesi, nauonja tena ukishakuwa mzito. Wali nauonja juu, katikati na chini, maana wali wa sufuria kubwa una tabia tatu. Viazi navibonyeza na ulimi, si kwa kidole, kidole hakijui chumvi. Mpaka nikae na sahani yangu mchana, nimeshakula mara kumi na nne nikiwa nimesimama. Kwa hesabu ya nesi wenu, tonge langu la kwanza nililila mwaka nilioajiriwa, na masaa mawili yake yalishapita wewe ukiwa bado unanyonya.

Nilimweleza hivyo. Alicheka mpaka akashika fremu ya dirisha. Kisha akafuta macho akasema, "Basi, Bibi, onja uteme."

Nikajaribu, kwa sababu mimi si mkaidi, watu wanasema tu. Siku ya kwanza, mshonaji mmoja wa meza ya kola akanikuta nimeinama kwenye sinki natema mchuzi. Hakuuliza. Kabla ya kengele ya mchana kiwanda kizima kilikuwa na habari kwamba Bibi amekikataa chakula chake mwenyewe. Sahani thelathini na kitu zilirudi zimejaa. Msimamizi alikuja jikoni taratibu, akafunga mlango, akaniuliza kama kuna kitu kimeingia kwenye sufuria. Nikamwambia, kimeingia kliniki.

4. Hili nimelifuta. Nililisoma kwa sauti, mume wangu akasema ni matusi.

5. Mashine ni mmbea. Hamkunitahadharisha kwamba ina kumbukumbu. Mimi nilidhani ukiizima imesahau, kama mtu mwenye busara. Kumbe inaweka yote, siku na saa yake, na kila Jumapili binti yangu anakuja, hata kiatu hajavua, anaibonyeza kitufe cha pembeni na inamwagia siri zote.

"Mama, Alhamisi saa tisa ulikula nini?"

Wali kidogo.

"Kidogo cha nani?"

Cha mtu wa kawaida.

"Mama, kumi na nne nukta moja. Huyo mtu wa kawaida alikuwa na wenzake wangapi?"

Ananiambia hivyo mbele ya wanawe, nao wanageuza nyuso ukutani mabega yakitikisika. Mimi nimewahi kuwekewa majirani wambea pande zote mbili za nyumba, na hata hao walikuwa wanakosea saa.

6. Hili si lalamiko, ni maelezo, ila nimeshaandika namba. Mume wangu ni fundi saa. Alifunga kibanda chake mwaka juzi, lakini meza yake iko nyumbani dirishani na watu bado wanamletea. Tangu mashine iingie kwangu, yeye ndiye mpiga kengele. Nikipeleka tonge la kwanza mdomoni, anageuza saa yake ya mezani na kuanza kuhesabu. Nikinyoosha mkono kwenye mashine kabla ya wakati, anasema bila kuinua kichwa, "Bado dakika nne, mama watoto." Namwambia dakika nne si kitu. Ananijibu kwamba kwa dakika nne watu wamekosa meli. Hajawahi kupanda meli. Daftari la namba analiandika yeye kwa mwandiko wake mdogo, ingawa siku hizi mwandiko umekuwa mkubwa, mistari miwili kwa neno moja.

Nimekuandikia haya ili ujue ni mtu wa namna gani, kabla hujasoma linalofuata.

7. Mashine imemsingizia mume wangu.

Ili nilieleze hili lazima nikiri kosa, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa binti yangu. Wiki iliyopita niliona mwisho wa mwezi unakuja na mimi bado niko kwenye kumi na moja, kumi na mbili. Nikawaza: nyumbani humu yumo mwanaume mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, chai anakunywa kavu, keki haitaki, soda anasema inampigia kelele tumboni. Damu yake lazima ni maji ya kisima. Kwa nini nisiazime kidole?

Jumanne, tulipokula jioni sufuria moja, masaa mawili yakatimia. Nikamwambia, lete kidole.

"Kidole changu kina nini?"

Nikamwambia hakina kitu, ndiyo maana nakitaka.

Akakileta. Nikamtoboa. Hakujikunja hata kidogo, mikono ile imezoea vitu vyenye ncha. Mashine ikaguna. Kumi na sita nukta nne.

Nikajipima na mimi hapohapo. Kumi na moja nukta mbili.

Sasa, mwanangu Daktari, mashine inayompa mtu kama yule namba kubwa kuliko mimi, mimi ninayeonja chai ya watu mia mbili na arobaini, hiyo ni mashine au ni adui wa familia? Nikasema labda imeteleza. Jumatano nikaazima tena kidole: kumi na saba nukta tisa. Alhamisi: kumi na tano nukta nane. Haikuteleza. Imemshikia bango.

Ushahidi kwamba mume wangu hana sukari ninao, na ninauleta kwako wazi.

Mtu wa sukari ni mnene, kila mtu anajua, mimi mwenyewe ni kielelezo. Mume wangu anazidi kupungua. Tangu mwaka uanze ametoboa mkanda wake matundu mapya matatu, kwa kile kijisumari chake cha saa, na suruali bado inashuka.

Nyinyi waganga mnatuhubiria tunywe maji. Hakuna anayewasikiliza kama yeye. Jagi ninalomjazia asubuhi halifiki saa tano, halafu analibeba mwenyewe kwenda kulijaza tena. Na mwili wake haubaki na uchafu, maana chooni anakwenda kila mara, hata fundi mwenzake aliyekuja kumsalimu alimtania kwamba ameajiriwa huko.

Mnasema tupumzike. Yeye akishakula anasinzia palepale mezani, lenzi ikiwa jichoni. Moyo uliotulia, huo.

Na macho yake hayana kasoro, ni taa tu. Amebadilisha balbu mara mbili mwezi huu na lenzi mara moja. Anasema viwanda vya siku hizi vinatengeneza skrubu ndogo kuliko za zamani. Wiki iliyopita alirudisha saa ya mteja bila kuifungua, akamwambia hana nafasi. Nafasi anayo. Lakini mtu anaruhusiwa kuchoka.

Huyo ndiye mliyemwandikia kumi na saba.

Yeye hajui. Siku ile ya kwanza alisogeza mashine puani, akaisogeza mbali, akaniuliza, "Inasema ngapi?" Nikamwambia saba. Alifurahi kama mtoto, akasema, "Mwili wa fundi." Jumatano nikamwambia saba. Alhamisi saba. Sikuwa namdanganya. Mtu hasingiziwi usoni pake nyumbani mwake, huo ni ustaarabu tu. Na daftarini ameandika saba tatu zenye kujaa ukurasa.

8. Kwa sababu ya hilo la saba, la nane ni kubwa zaidi. Jumapili binti yangu alibonyeza kile kitufe akakuta kumi na sita, kumi na saba, kumi na tano. Akakaa chini. Hakunitania. Alisema, "Mama, unataka kutuacha?" Ningesema hizo si zangu, angeuliza ni za nani. Nikakubali kwamba nilikunywa soda. Mimi, soda. Sasa upawa umeshapata mrithi, msichana wa kuosha vyombo ambaye wali wake unashikana kama gundi, na nimehukumiwa kwa damu isiyokuwa yangu. Nimebeba mengi ya mume wangu katika miaka arobaini na minane, lakini hili sikulitegemea.

9. Kutokana na hayo yote nadai yafuatayo. Mashine zenu zote zikusanywe, zijaribiwe kwanza kwa watu wembamba wanaojulikana kwa tabia njema. Manesi wajipime baada ya kula mbele yetu wagonjwa, tuone nani ataguniwa. Na wewe mwenyewe uje kantini siku ya wali, ule kwenye sufuria yangu mpaka useme basi, mume wangu akuhesabie masaa mawili, na namba yako iandikwe ubaoni chini ya chakula cha siku, watu wote wa cherehani waisome. Ikiwa chini ya kumi nitaomba radhi kwa maandishi. Lakini hutaishusha chini ya kumi, mwanangu. Mimi naupika wali wangu.

10. Mlango wenu unakwama. Mtieni randa.

Nimemaliza. Kama nimekutia chumvi kwenye kidonda, nimefanya hivyo kama mama, na kama nimesema kweli, basi nimesema kama mgonjwa wako namba mia moja na kumi na mbili. Naomba nijibiwe kwa maandishi makubwa.

Msalimie nesi wa dirisha la pili, mwambie nakula kwa kijiko kidogo kama alivyonifundisha, hata kama sikumwambia. Msalimie mlinzi anayenishika mkono kwenye ngazi. Msalimie yule dada anayepiga deki na kuimba, aendelee, tunamsikia tukiwa kwenye foleni na inatusaidia. Msalimie mkeo, na mama yako kwa mara ya pili. Mume wangu naye angekusalimia, lakini amesinzia mezani.

Wako mwenye heshima zote na vidole vyenye matundu,
Bibi Mpishi,
kantini ya kiwanda cha sare.

Nyongeza. Barua nilikuwa nimeshaikunja. Nikakumbuka kwamba nesi aliniambia nioshe mikono kwa sabuni na kuikausha kabla ya kujitoboa, maana utamu wa tunda kidoleni unaweza kuidanganya mashine. Nikaona mlango wa kutokea. Mume wangu siku zote tatu alikuwa amemenya ndizi mbivu baada ya chakula. Basi leo baada ya kula nilimnyima ndizi, na masaa mawili yalipotimia nikamkalisha mbele ya beseni, nikamwosha mwenyewe kidole kimoja kimoja mpaka kwenye kucha, nikamfuta kwa taulo safi. Akaniuliza kama anaozwa. Nikamwambia anyamaze asije akanichekesha mkono ukatetemeka.

Kumi na sita nukta tisa.

Kisha nikajipima mimi, mikono safi, chakula kilekile. Nane nukta saba. Ndiyo namba ndogo kuliko zote nilizowahi kupata, na sikumwita mtu kuja kuitazama.

Msitume mtu kuja kuchukua mashine. Cheti sikihitaji. Zile aya za macho na za jagi zisome tena, taratibu, ukiwa umesahau kwamba ni mimi niliyekuwa namtetea. Nadhani ulishaelewa tangu uliposoma mara ya kwanza. Mimi nimezielewa nilipokuwa naziandika, nikaendelea kuandika.

Jumatatu asubuhi tutakuja wawili. Nimemwambia anisindikize kwa sababu mguu unaniuma. Mguu hauniumi. Haogopi sindano, na haogopi dawa. Anaogopa kuambiwa kwamba macho yake si taa. Kwa hiyo wewe mpime, mfunulie macho, umweleze lote bila kumficha, ila umweleze polepole na umpe nafasi ya kuuliza, maana fundi huuliza. Akitaka kujua dawa ni za muda gani, mwambie ukweli.

Kuhusu zile saba tatu, usiseme kitu. Hizo ni zangu. Nitamwambia mwenyewe kwenye benchi lenu, kabla jina lake halijaitwa.